Siku Mwalo Ulipofagiliwa

Walikuja mwezi ukiwa mpevu. Naanzia hapo kwa sababu hapo ndipo walipokuwa wakinikatiza kila nilipofungua mdomo.

Kamati ya mipaka ilishuka kwenye mwalo wetu wa Mawe Mawili, ufukwe wa mitumbwi na samaki, kati ya Lundo na Mbamba Bay, katika zile siku ambazo usiku wake unaweza kuokota sindano mchangani. Mtu wa ziwani haelezwi maana yake. Usipa, hawa dagaa wetu wa Nyasa, huvuliwa kwa taa, na taa haina kazi mwezi unapowaka. Samaki hutawanyika, mitumbwi hupumzika, wanaume hushona nyavu, wanawake huenda kwenye mihogo yao. Wiki nzima vichanja vya kuanikia hubaki miti mitupu. Wajumbe wakatembea na viatu vyao vya ngozi kutoka jiwe la kwanza hadi la pili, wakaona miti mitupu na mbuzi wanne waliolala kivulini, wakaandika: Eneo halitumiki.

Maneno mawili. Kwa maneno mawili hayo mwekezaji mmoja, ambaye hata jina la kijiji chetu alikuwa analisoma kwenye karatasi, angepewa ufukwe wote ajenge nyumba za wageni na kuzungushia ukuta. Na dada yangu Mektilda, anayeanika usipa pale tangu mwaka sabini na tisa, katika kichanja alichoachiwa na mama yetu, angeambiwa akaanike mawinguni.

Mimi ni Bartholomayo. Huku wananiita Bwana Kifungu, wengine kwa heshima, wengi kwa kejeli. Niliishia darasa la saba. Sheria nimejisomea mwenyewe, kwenye nakala zilizofifia, nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, na kila walichowahi kutufanyia watu wa ofisini nimekiweka kichwani pamoja na tarehe yake.

Kikao kilikaa ofisi ya kata. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mwalimu Nicholaus, mstaafu, mkulima wa kahawa kutoka Ruanda, huko juu Mbinga. Walimleta mtu wa milimani makusudi, eti asiwe na upande. Hakuwa mtu mbaya. Hilo nalisema sasa; wakati ule nisingelisema hata kwa kupigwa.

"Shikamoo, Mwalimu," nilianza.

"Marahaba, Bwana Kifungu."

"Naomba kamati itazame tarehe mliyokuja. Mwezi ulikuwa..."

"Mwezi haumo kwenye ajenda."

Watu wakacheka. Nikabaki nimesimama.

"Mimi nyumbani nina kahawa, na mahindi kwenye mashimo ya ngoro," akasema Mwalimu. "Niwe nimelala, niwe nimesafiri, ukifika mteremkoni unayaona yale mashimo, unajua hapa kuna mtu. Ninyi shamba lenu linaonekana kwa ratiba?"

Rosina, binti wa marehemu mjomba wetu, akapita mbele na simu yake. Alikuwa na picha za vichanja vikiwa vimejaa usipa mpaka miti imepinda. Mwalimu akazitazama kwa adabu, kisha akatoa simu yake mwenyewe na kuizungusha tuione. Ndani yake alikuwa amevaa suti nyeupe, amepanda punda milia, theluji inaanguka.

"Hii kanitengenezea mjukuu wangu, dakika mbili tu. Nimewahi kupanda punda milia mimi?"

"Hapana, Mwalimu," Rosina akajibu.

"Basi. Nileteeni picha ya filamu, yenye negativu yake, niiinue dirishani niione kwa macho yangu. Tunakutana tena baada ya mwezi mmoja."

Egidi, wakala wa yule mwekezaji, kijana wa miwani myeusi hata ndani ya nyumba, akatabasamu. "Filamu zilizikwa na babu zetu, Bwana Kifungu."

Hakujua nina nini ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda.

Kamera yangu ni ya plastiki, nyepesi kama kopo la mafuta ya kupaka. Haina betri, haina taa, haina cha kurekebisha. Tundu lake la mwanga ni moja, mwendo wake ni mmoja. Wewe unabonyeza, yenyewe inafumba na kufumbua kwa namna ileile, jua liwe kali, liwe limejificha, haikuhurumii. Kwa hiyo kazi yote iko kwa mpigaji. Jua liwe mgongoni mwako. Usisogee karibu zaidi ya hatua mbili ndefu. Viwiko uvibanie mbavuni, pumzi uikate. Na kama kuna wingu, rudi nyumbani.

Somo hilo nililipata kwa aibu. Mwaka tisini na tisa nilipiga picha ndani ya chumba cha dawa cha zahanati fulani, kabati tupu, ili nikaonyeshe mkutanoni. Picha zikatoka nyeusi tii. Ofisa mmoja akainua moja juu, akauliza mkutano mzima kama zahanati yenyewe iko ndani ya gunia. Walicheka wagonjwa, walicheka wazima. Ofisa yule alikwisha kufa na mimi nilikwenda msibani, lakini kicheko kile nikikitaka hata sasa nakisikia.

Nikampigia simu Hildegardi, binti wa Mektilda, aliyeko Dar es Salaam. Akazunguka siku mbili akapata filamu moja. Picha thelathini na sita.

"Ni hii tu, mjomba," akasema. "Na kwa kusafishwa unairudisha huku huku, huko hakuna tena anayesafisha. Usiichezee."

"Nimewahi kuchezea kitu mimi?"

"Hapana. Ndiyo shida yako."

Filamu ikaja kwa basi. Nikahesabu siku za mwezi kwenye kalenda ya kanisa. Giza la mwezi lingeingia wiki ya pili, mitumbwi ingerudi ziwani, na samaki wangeanza kuanikwa. Nikachagua Alhamisi, saa nane mchana, kwa sababu asubuhi jua linatokea nyuma ya milima na linaniangalia usoni nikitaka kupiga kuelekea vichanja, lakini saa nane limekwisha kuvuka. Nikisimama majini, ziwa liko mgongoni, jua mgongoni, mwalo wote uko mbele yangu. Niliipanga siku hiyo kama vita. Jumatano jioni nikapita nyumba kwa nyumba. Nikasema, kesho saa nane napiga picha ya filamu kwa ajili ya kamati, kila mwenye kichanja awepo.

Kosa langu ni kwamba sikusema zaidi ya hapo.

Alhamisi nilifika nikiwa nimeishika kamera kifuani, nikasimama juu ya kijilima pale njia inaposhukia mchangani. Mwalo ulikuwa umefagiliwa. Mistari ya ufagio ilionekana kutoka jiwe hadi jiwe kama uwanja wa askofu. Usipa hakuna. Mikeka ya matete ya juu ya vichanja imekunjwa na kuondolewa. Katikati ya mchanga wameweka kiti cha sebuleni chenye kitambaa cha kufuma, pembeni meza na maua ya plastiki. Na watu wamejipanga: akina mama katika sare ya umoja wao wa kanisa, buluu na nyeupe, iliyopigwa pasi, Benadetha na mkoba wake wa Pasaka, mzee Tadei, fundi mitumbwi, ndani ya koti la harusi yake, vifungo vyote vimefungwa katika joto lile.

"Samaki wako wapi?" nikauliza.

"Tumewahamishia nyuma ya nyumba, usiwe na wasiwasi," akasema Benadetha. "Huku kulikuwa na uchafu."

"Uchafu."

"Inzi, Barto. Magamba. Picha ya filamu haifutiki."

Sitaandika yote niliyosema. Nilisema kwamba miaka arobaini napigania watu ambao wakitafutiwa ushahidi wanaufagia. Nilisema Egidi angewalipa asingepata kazi nzuri hivyo. Tadei akafungua kifungo kimoja cha koti, akakifunga tena.

Mektilda akaniacha nimalize. Yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka minne na hajawahi kunipigia kelele. Hunisubiri tu, kama anavyosubiri chungu kichemke.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza, dada."

"Unawakumbuka wale wageni wa mwaka elfu mbili na tano?"

Ningewasahauje. Walituomba tuwaachie watupige picha tukiwa kazini. Mwaka uliofuata Mektilda akajikuta kwenye kalenda, ukutani katika ofisi moja mjini, kanga imechanika begani, mikono imejaa magamba, na chini yake wameandika habari za umaskini. Hakuna aliyemuuliza jina.

"Ile picha ipo mpaka leo mahali," akasema. "Mimi sijui iko wapi, lakini yenyewe inanijua. Sasa unataka kamati nyingine inione hivyo hivyo? Mwalo huu hauna maskini. Una wenyewe. Wakituona kwanza tulivyo, ndipo watazame samaki wetu."

Nikatazama juu. Milimani kulikuwa na wingu jeusi limekaa, kubwa kama ng'ombe aliyelala, nalo lilikuwa linaanza kusimama.

"Jua linaondoka," nikasema. "Kamera hii bila jua ni kopo."

"Basi tusipoteze muda." Akageukia watu. "Kila mwenye kichanja apigwe peke yake, mara moja. Aliyepigwa akabebe samaki. Asiyepigwa akae foleni. Hakuna kwenda kubadili nguo."

"Na koti hili?" Tadei akauliza.

"Koti utalifua."

"Halifuliki, mama. Ni la kumi na tisa themanini na sita."

"Basi litanuka."

Nikaingia majini mpaka magotini na kuanza. Mimi nilitaka nihifadhi filamu kwa ajili ya vichanja vilivyojaa, lakini foleni ilikuwa ya watu ishirini na watatu na hakuna aliyekuwa tayari kurukwa. Walikaa kwenye kile kiti mmoja mmoja, mikono magotini, uso umekazwa kama wanaapishwa. Nikasema, tabasamu basi. Benadetha akajibu kwamba hakuja kuchekesha mtu. Nilibonyeza, nikazungusha gurudumu la filamu kwa kidole gumba, nikaita mwingine. Kwa pembeni ya jicho niliwaona waliokwisha kupigwa wakipita na mabeseni kichwani, nikasikia mikeka ikitandazwa, mtu akimwambia mwenzake asimwage. Kwangu yote hayo yalikuwa kelele. Nilikuwa natazama uso ulioko kitini, natazama wingu, nahesabu. Mektilda alikaa wa mwisho, namba ishirini na tatu. Akanyoosha mgongo, akaitazama kamera kama mtu anayetazama deni la zamani likirudi lenyewe. Nikabonyeza.

Nilipoinua macho vichanja vilikuwa vimejaa. Mistari saba, fedha tupu. Nikafurahi kwa kiasi cha pumzi moja, kisha kivuli kikashuka kutoka kijilimani, kikavuka njia, vichanja, kiti, kikaingia majini na kunipita. Jua lilikuwa limefunikwa.

Tukasubiri. Tone la kwanza likaanguka kwenye maua ya plastiki. Nikapiga zote kumi na tatu zilizobaki haraka haraka, huku nikijua hazitatoka kitu. Kamera haikunung'unika, ilifumba na kufumbua kama kawaida yake. Kisha mvua ikaja kweli, na watu ishirini na watatu waliovalia kama siku ya harusi wakakimbia kuokoa samaki.

Filamu ilipanda basi Ijumaa. Siku zilizofuata sikuwa mtu wa kukaa naye. Nilimkuta Tadei njiani nikapita bila salamu. Chakula nilikula kwa sababu kiliwekwa. Kila nilipofumba macho nilimwona yule ofisa wa tisini na tisa akiinua picha nyeusi na kuuliza habari za gunia. Hildegardi alipopiga simu kusema zimesafishwa, sikumuuliza zimetokaje. Nilimwambia atume tu.

Bahasha ilifika asubuhi ya kikao chenyewe. Nilimkuta Mektilda anasubiri kituoni Mbamba Bay kabla yangu, ndani ya sare yake. Nikaifungua nikiwa nimesimama.

Zile kumi na tatu za mwisho zilikuwa rangi ya matope. Ukijua ulichotafuta ungeweza kuona kitu kama mistari. Mtu asiyejua angeona ukuta uliolowa. Nikampa Mektilda, nikaketi kwenye gunia la mtu.

"Na hizi nyingine?" akauliza.

"Ni nyuso zenu."

Akazichukua. Akazipitia taratibu, akawa anawacheka mmoja mmoja. Alipofika katikati akaisogeza picha moja karibu na macho. Akarudi nyuma picha tatu, akaja mbele tena.

"Barto. Huyu nyuma ya Scholastica ni nani?"

Nikatazama. Scholastica alikuwa kitini, mkali kama hakimu. Nyuma ya bega lake, hatua kama kumi na tano hivi, mzee mwenye koti jeusi alikuwa ameinama juu ya kichanja, amemwaga beseni zima la usipa, mkono umenyooka anawatandaza. Unaweza kuona mng'ao wa samaki. Unaweza kuona mkunjo wa koti.

Simu za siku hizi zinajifanya zina akili. Ukimpiga mtu picha, zinafifisha kilichoko nyuma yake. Kamera yangu haina akili hiyo. Kuanzia hatua mbili hadi milimani, kwake vyote ni sawa: pua ya Scholastica na samaki wa Tadei imevipa haki ileile. Nilikuwa nimesimama majini nikipiga nilichokitaka na kudhani napoteza filamu.

Tukazipanga juu ya gunia kwa namba. Ya kwanza, Benadetha kitini, nyuma yake miti mitupu. Ya pili, Rosina kitini, na nyuma sare moja ya buluu inatandaza mkeka. Ya tano, sare nne. Ya kumi na tano, mistari mitano imejaa na akina mama wanapishana na mabeseni. Ya ishirini na tatu, Mektilda, mgongo umenyooka, na nyuma yake mwalo wote unang'aa. Kila mtu, isipokuwa dada yangu aliyekaa wa mwisho, alikuwepo mara mbili: mara moja kitini, akijulikana, na tena nyuma, kwenye kichanja chake mwenyewe, na nguo ileile.

"Mpumbavu mimi," nikasema.

"Twende," akasema dada. "Utajitukana kwenye gari."

Kikaoni Mwalimu Nicholaus alichukua negativu kwa ncha za vidole, kama mtu anayezijua, akazipeleka dirishani. Alizitazama kipande kwa kipande, akafuata namba zilizoko ukingoni, zile anazoweka mtengenezaji, ambazo hata Bwana Kifungu hawezi kuzipanga upya. Kisha akatoa lenzi yake ya kusomea, akaketi na picha.

"Huyu mwenye koti," akasema. "Ndiye huyu wa namba saba?"

"Ndiye mimi, Mwalimu," Tadei akasema kutoka nyuma. "Shikamoo."

"Marahaba. Unaanika samaki na koti la suti?"

"Sikupewa nafasi."

Egidi akasimama. "Mwenyekiti, haya ni maigizo. Wamewapanga watu."

Mwalimu hakuinua uso kutoka kwenye lenzi. "Kijana, ningekuwa mimi naigiza mvuvi, ningevaa matambara. Nani amewahi kuigiza kazi kwa koti la harusi?" Akasogeza picha nyingine. "Na huyu mama mwenye mkoba. Beseni kichwani, mkoba mkononi." Mabega yake yakaanza kutikisika. Ilinichukua muda kuelewa kwamba anacheka, na kwamba si sisi anaotucheka, anacheka pamoja nasi.

Akavua miwani, akafuta macho. "Siku tuliyokuja sisi, samaki hawa walikuwa wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo kwa wiki nne. Nilikuwa na vifungu, nilikuwa na tarehe. Lakini Mektilda akasimama kabla yangu.

"Walikuwa ziwani, Mwalimu. Mwezi ulikuwa mpevu. Kahawa yako nayo haichumwi kila mwezi, lakini hakuna anayekuja mwezi Februari akasema shamba lako halina mwenyewe."

Mwalimu akamgeukia katibu. "Andika, mwalo unatumika na watu ishirini na watatu, majina yaambatanishwe na picha. Mwombaji aelekezwe kutafuta mahali pengine. Ule mstari wetu wa kwanza ufutwe." Akafikiri. "Na mwezi uingizwe kwenye muhtasari. Kamati yoyote itakayokuja ziwani iulize kwanza mwezi uko wapi."

Egidi akavua miwani yake myeusi, mara ya kwanza tunamwona macho. Yalikuwa macho ya mtu aliyechoka, kijana tu. Akakusanya karatasi zake na kuaga vizuri.

Nilikuwa na hotuba mfukoni, kurasa nne. Nilitoka nje nayo, nikaegemea ukuta wa ofisi, nikagundua kwamba sina wa kumgombeza. Tadei akaja kuegemea karibu yangu. Nikamsalimia. Akaitika kana kwamba sijawahi kumpita njiani.

"Koti linanuka kweli," akasema. "Jumapili padri aliniuliza kama nimeleta sadaka ya samaki."

Tulicheka mpaka mlinzi akachungulia.

Mektilda hakutaka nakala ya picha yake iende kwenye faili peke yake. Ametengenezewa nyingine, ipo sebuleni, na chini yake ameandika kwa mkono jina lake lote na la mama yetu. Analalamika jambo moja tu, kwamba nyuma yake Benadetha ameinama vibaya.

Giza la mwezi lililofuata nilishuka mwaloni asubuhi. Mitumbwi ilikuwa imerudi, vichanja vimelemewa, inzi wapo, magamba yapo. Sikuwa na karatasi yoyote mkononi. Nilisimama kando ya kichanja cha mama nikitazama tu, sijui kwa muda gani, mpaka dada yangu akaniambia bila kuinua kichwa:

"Sogea, Barto. Unawawekea kivuli."

Nikasogea.